Mbabula ya Mwalimu

Mwalimu wangu ameanza kulala na mbabula, lile jiko letu la makaa, chumbani, na mimi nimechoka naye. Nimechoka kabisa. Kila jioni ya majira haya ya baridi, makala yakishashika moto na kuwa mekundu, anainyanyua kwa vitambaa viwili, anaiingiza ndani na kufunga mlango. Dirisha lenye kioo kilichovunjika ameliziba kwa blanketi la zamani. Angekuwa mtu mwingine ningesema hajui. Wasiojua ni wengi hapa Kolwezi, na kila mwaka baridi ikiingia tunasikia kilio mtaa fulani. Lakini huyu ndiye aliyetufundisha. Hakuna mtoto wa mtaa wetu wa Dilala aliyepita mikononi mwake bila kusimamishwa mbele ya ubao na kurudia kwamba makala yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo huua mtu akiwa usingizini.

Majirani wamenituma mimi. Eti mimi ananisikia. Watoto wake wako Lubumbashi, wananipigia simu: mama Zaina, tafadhali, sema naye. Nimesema naye. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali, nimemtuma paroko wake, mimi Mwislamu, kwenda kumtafuta paroko! Sikio la kufa halisikii dawa. Akinijibu ananijibu kwa swali, kama alivyofanya maisha yake yote, na mimi nabaki nimesimama barzani pake na hasira yangu mkononi.

Alitufundisha sayansi katika yale madarasa ya kwanza baada ya shule ya msingi: maada, joto, nishati. Alikuwa na mashati mawili ya mikono mirefu na kipimajoto kimoja cha kioo, ambacho alikibeba katika mfuko wa kifuani kama watu wengine wanavyobeba kalamu. Na alikuwa na swali moja. Ukimwambia chai imepoa, alikuuliza: "Joto imeenda wapi?" Ukisema imepotea, umekwisha. Kwake yeye hakuna kitu kinachopotea. Kilienda mahali, na wewe kazi yako ilikuwa kusema ni wapi. Kilienda katika kikombe, kikombe kikakipa meza, meza ikakipa hewa ya chumba. Wakati unamaliza kueleza, chai yenyewe haina maana tena.

Kama angeuliza darasani tu tungemvumilia. Aliuliza kila mahali. Alisimamisha vijana wa taksi-moto, zile pikipiki za abiria, karibu na soko, akasogeza kiganja karibu na injini, akaanza: "Unaskia hii joto? Hii ni mafuta ulinunua. Haikusukume hata kidogo. Unapashaka barabara moto bure." Kijana anataka abiria, yeye anamfundisha. Ikafika siku wakimwona na lile shati lake wanapita mbio, wanaangalia upande mwingine, na mzee wa watu anatembea kwa miguu mpaka nyumbani akilalamika kwamba vijana wa sasa hawana heshima.

Mama yangu ndiye aliyegombana naye zaidi. Tulikaa ukuta kwa ukuta, na ua wetu ulikuwa kama wake. Mama akiteleka maharagwe anaongeza makala, maji yanachemka mpaka mfuniko unacheza, anaongeza tena, kama wanawake wote wa hapa. Mwalimu anaingia bila hodi, anachukua koleo, anaanza kutoa makala chini ya sufuria ya mwanamke mwenyewe akiwa amekaa pale.

"We baba!" mama akapiga kelele. "Unafanya nini na moto yangu?"

"Mayi inatokota, mama. Ikishatokota, haiwezi tena kupata moto kupita pale. Ile makala unaongeza inaleta tu muvuke. Unapikia mawingu."

"Maharagi yangu haijaiva!"

"Haitaiva mbio, juu tuko ku milima. Huku mayi inatokotaka mbele ya wakati yake. Weka jiwe ku mufuniko, ufunge muvuke ndani, upunguze moto. Usiniamini. Upime."

Mama alimfukuza kwa mwiko wa bukari, ugali wetu, unga ukiwa bado umeganda juu yake, mpaka nje ya lango. Baba yangu, aliyekuwa mchukuzi mwenye lori moja na subira nyingi, alicheka akasema maji moto hayachomi nyumba, maneno ya jirani yatapita. Kesho yake mama aliweka jiwe juu ya mfuniko. Sisi tulijua tusiulize. Lile jiwe lilikaa jikoni mpaka alipofariki, na kila akimsikia Mwalimu anakohoa upande wa pili wa ukuta alikuwa anaenda kulificha nyuma ya ndoo.

"Musiniamini. Mupime." Hilo lilikuwa neno lake la pili baada ya lile swali. Darasani asubuhi moja ya Juni alitukuta tunatetemeka, akaleta kipande cha bomba la shaba na mwiko wa mti, vyote vimelala usiku kucha kwenye sakafu ya darasa. Akatupitishia. Kipi ni baridi zaidi? Tukasema shaba, kwa sauti moja. Akasema vyote viko sawa. Ikawa ghasia. Kulikuwa na mwenzetu wa Musonoi, baba yake alikuwa mchimbaji, akasimama kwa niaba ya ukoo mzima.

"Mwalimu, mukuba iko baridi. Hata tata anajua. Anaishikaka kila siku."

"Tata yako anaishika. Anaipimaka?"

Akatoa kipimajoto chake, akakifunga kwa kitambaa kwanza kwenye bomba, kisha kwenye mwiko. Tukasubiri. Tukasoma mmoja mmoja. Ilikuwa sawasawa. Yule wa Musonoi alisoma mara ya pili, akakitikisa kipimajoto, akasema kimeharibika. Mwalimu hakukasirika. Alituacha tubishane mpaka kengele ikakaribia kulia, na hilo ndilo lililokuwa linatuua, maana jibu analo na anakuangalia unavyozama. Mwishoni kabisa akasema: "Mukono yenu haipimake joto. Inapimaka vile joto inakimbia. Mukuba inaiba joto ya mukono mbio, muti inaiba polepole. Baridi haiko kintu. Ni joto yako inaenda."

Nilifika nyumbani nikashika kila kitu: kitasa, ukuta, sikio la mdogo wangu. Sikulala vizuri. Mtu huyo alikuwa anakuharibia dunia yako ya kawaida kisha anaenda kula bukari yake.

Usidhani alikuwa mtu wa akili moja. Alijua radi ni umeme, alituchorea wingu na ardhi na mishale kati yake. Lakini mvua ya Novemba ikianza kunguruma, alikuwa wa kwanza mtaani kufunika kioo kwa kitambaa na kuvua shati kama lina mstari mwekundu. Nikamuuliza siku moja, kwa ujeuri wa mwanafunzi, hiyo ni fizikia gani. Akaniangalia kwa mshangao. "Mama yangu njo alisema," akajibu, na mazungumzo yakaisha. Alivaa sweta la sufu mwezi wa Oktoba, jua likiwa linapasua lami, na kueleza kwamba sufu haileti joto, inalizuia tu lisipite. Jasho lilikuwa linamtiririka akieleza.

Mara moja tu nilimwona ameshindwa na swali. Baba alimkopesha lori, akatupeleka Nzilo kuona bwawa. Tulisimama pale juu, maji yananguruma chini, na yeye amefurahi kama bwana harusi. Akatueleza jinsi maji yaliyo juu yanavyobeba nishati kwa kule kuwa juu tu, jinsi yanavyoanguka na kuzungusha, na jinsi mzunguko ule unavyogeuka umeme, ukaenda kwenye waya mpaka kwenye taa. Hakuna kinachopotea, akasema. Yule yule wa Musonoi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa courant ya Nzilo inaendaka wapi? Sababu kwetu hakuna."

Tukamgeukia Mwalimu. "Ile haiko swali ya fizikia," akasema, akatupandisha lorini. Tulicheka njia nzima. Baba aliyekuwa usukani alicheka zaidi.

Sasa nifike kwa mke wake, maana bila yeye hadithi ya mbabula haieleweki.

Sisi tulimwita mama Mwalimu. Alikuwa mwembamba, mtu wa kaskazini kwenye joto, akaolewa akaletwa huku juu ambako Juni na Julai asubuhi unatoa moshi mdomoni. Baridi ilimtesa. Jioni alikuwa anajifunga vitenge viwili juu ya kingine na bado unamwona amejikunja. Basi kila jioni ya majira ya baridi mtaa mzima uliona mchezo ule ule. Mama Mwalimu anangoja moshi uishe, makala yawe mekundu, anaiingiza mbabula ndani. Mwalimu anatoka nayo. Anaiweka barzani, anarudi. Baada ya muda mfupi mama Mwalimu anaiingiza tena, akisema moshi umekwisha. Mwalimu anatoka nayo tena.

"Moshi ikiisha njo hatari inaanza!" tulimsikia. "Moshi ni rafiki, inakukohoesha unatoka. Ile ingine haikukohoeshe."

"Naskia baridi, baba."

"Baridi haiko kintu!"

Watoto tulikuwa tunamwigiza. Lakini wakubwa walijua kwa nini hakubali. Alipokuwa kijana, mwaka wake wa kwanza wa kufundisha, wanafunzi wake wawili, ndugu wa tumbo moja, walilala na mbabula na hawakuamka. Yeye ndiye aliyetumwa nyumbani kwao kuuliza kwa nini hawakuja shuleni. Hakupenda kulizungumza. Alilisema mara moja tu, mbele ya darasa letu, kisha akageukia ubao akaandika kitu akakifuta. Kwa hiyo tulipokuwa tunamcheka, tulikuwa tunacheka nusu.

Na ananidai heshima kwa jambo jingine, kwa binti yangu. Zaina alizaliwa kabla ya wakati, mwezi wa Julai, mdogo hadi mume wangu aliogopa kumshika. Kule wodi ya uzazi wakatuambia nimlaze kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, asipate baridi hata kidogo. Tukafika nyumbani, umeme hakuna. Mama mkwe wangu, mwanamke wa Kasongo aliyelea watoto wengi na hakuogopa mtu, akasema mbabula iingie chini ya kitanda. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kubisha. Ikaingia.

Sijui nani alimwambia. Mwalimu akaingia bila salamu, mkewe nyuma yake, akainama, akaivuta mbabula, akatoka nayo. Mama mkwe akasimama.

"Huyu muzee eko na kichwa kweli? Mutoto atakufwa na baridi!"

"Mutanitukana kisha, mama. Mayi ya moto iko wapi?"

Akarudi kwake mbio, akaja na chupa za kioo, chupa za bia, katika nyumba ya Waislamu, na mama mkwe karibu azimie. "Chupa haina dini," Mwalimu akasema, anazijaza. "Iko na mayi tu." Akazifunga kwa vipande vya kitenge, akapima kwa kile kipimajoto chake, akangoja, akapima tena, akaziweka pembeni pangu ndani ya blanketi, zisiguse ngozi ya mtoto. Na kwa kuwa hawezi kufanya kitu bila kufundisha, akamfundisha mama mkwe wangu pale pale. Jiwe, alisema, linapata moto haraka na kuuacha haraka. Chuma vilevile. "Lakini mayi iko na kichwa nguvu. Inachelewaka kupata moto, na inachelewaka kuiachilia. Inashinda bitu byote humu nyumba kwa kuchunga joto." Kila zilipopoa mama mkwe alizijaza upya, akinung'unika jina la Mungu juu ya kila chupa.

Mama Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya kitenge. "Ee," akasema. "Batoto ba batu bengine banapata chupa."

Tulicheka sote. Mwalimu alicheka pia. Kisha wakaenda kwao, na Zaina leo ananizidi urefu.

Mama Mwalimu alifariki mwaka juzi. Si baridi iliyomuua, ulikuwa moyo wake uliomchosha kwa muda mrefu. Kwenye kilio, katekista, kijana mwema aliyekuwa mwanafunzi wake, akatafuta maneno ya kumfariji. Akasema mama hakupotea, kwa maana Mwalimu mwenyewe alitufundisha kwamba nishati haipotei, inabadilika tu. Watu wakaitikia vizuri. Mwalimu akasimama pale pale katikati ya wafiwa.

"Nishati haina jina," akasema. "Bibi yangu alikuwa na jina."

Akakaa. Watu walinong'ona kwamba mzee ameharibu hata kilio cha mkewe. Nami nilikasirika naye, kwa sababu kijana yule aliaibika mbele ya watu. Halafu usiku nililia kwa neno hilo hilo.

Basi ndiyo hayo. Juzi niliamua sitamwomba tena. Nilichukua chupa mbili za kioo, nikazifunga kitambaani ili watu wasione Mwislamu anapita na chupa za bia, nikaenda jua likiwa bado halijazama. Mlango umefungwa. Nikausukuma. Yeye amekaa juu ya kitanda na sweta lake, mbabula iko katikati ya sakafu, nyekundu, hewa ya chumba nzito. Nikaacha mlango wazi, nikang'oa lile blanketi dirishani.

"Tata Mwalimu, ni nini hii?"

"Moshi ilishaisha," akasema.

Moshi ilishaisha! Jibu la mwanafunzi anayepewa sifuri. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mtu mzima. Nikainyanyua mbabula kwa pindo la kitenge changu, nikaunguza vidole, nikaitua barzani, nikarudi nikimfokea bila adabu yoyote.

"Ni wee njo ulitufundisha! Wee mwenyewe! Umesahau cours yako, somo yako?"

"Mi najua cours yangu," akasema, taratibu. Alikuwa anaijua. Niliona machoni pake kwamba hajasahau hata mstari mmoja.

"Sasa juu ya nini unafanya hivi?"

Akaonyesha upande wa pili wa kitanda, upande wa ukuta, ambako mto ulikuwa umenyooshwa. "Alikuwa anaskia baridi. Kila mwaka anaiingiza, mi naitosha inje. Anaiingiza, mi naitosha. Sasa nimemwachia aiingize."

Hasira haikuwa imekwisha, ikawa haina pa kwenda. "Na watoto wako?" nikauliza. "Baje bakuzike na wee, sababu ya makala?" Nikatoka barzani, nikateleka maji yake juu ya mbabula yake, nikayangoja pale nimekunja mikono. Yalipopata moto nikajaza chupa zote mbili, nikazifunga kwa vitambaa, nikarudi nikamwekea moja mapajani.

"Usiniamini," nikamwambia. "Upime."

Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Akakiingiza kipimajoto kati ya kitambaa na kioo, akangoja, akasoma, akakisogeza karibu na macho akasoma tena. Kisha akachukua chupa ya pili kutoka mikononi mwangu. Nilidhani ataiweka miguuni. Akaiweka upande wa ukuta, akaivutia blanketi juu.

"Asubui ukuye," akasema. "Tutapima ile ya kwake."

Nilikwenda kabla ya kupika chai. Nilimkuta barzani, mzima, amevaa, chupa moja imelala mapajani, na alikuwa amekasirika.

"Umechelewa. Nimepima bila weye."

"Na ulipata nini?"

"Ilikuwa ingali na moto. Kidogo, lakini ilikuwa nayo." Akaigeuzageuza ile chupa. "Hii njo kama ile ya Zaina."

"Ndiyo, tata."

"Mi njo nilikufundisha. Mayi inachelewaka kuachilia joto."

"Ndiyo. Ni wee."

"Na chupa bilikuwa humu nyumba."

"Ndiyo, tata."

"Sasa juu ya nini sikumufanyia?"

Nilingoja. Maisha yake yote aliuliza, akatuacha tuhangaike, kisha akatoa jibu alilokuwa nalo tangu mwanzo. Nikamwangalia mdomo. Yeye ndiye aliyekuwa ananiangalia, kama tulivyokuwa tunamwangalia sisi kengele ikikaribia.

"Ile haiko swali ya fizikia," nikasema hatimaye.

Akatikisa kichwa, akanipa chupa, akaniambia nikapike chai yangu. Jioni nilirudi na maji ya moto, nikajaza zote mbili.